Babu alifundisha kisomo na hakuwa na cheo: tumwandikeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjukuu, naandika kutoka Magu, mkoani Mwanza. Babu yetu alifariki mwaka jana. Miaka ya sabini alifundisha kisomo cha watu wazima hapa kijijini, baadaye akawa balozi wa nyumba kumi, na kwa muda mrefu ndiye aliyewaandikia watu barua. Familia tunataka kutoa kijitabu kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia "alikuwa mtu wa watu" halafu ananyamaza. Tulichonacho ni daftari moja la zamani, redio mbovu na picha mbili. Nianzie wapi? Na je, inafaa kweli kumwandikia kitabu mtu ambaye hakuwahi kuwa na cheo?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokurudisha nyuma. Inafaa, na mimi nasema ni deni. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa kama theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka ulipokwisha akazitaja wilaya sita, Ukerewe majirani zenu na Mafia zikiwemo, zifute ujinga kabla ya mwisho wa 1971. Kisha TANU ikaagiza nchi nzima ifikie lengo hilo kabla ya kumalizika kwa 1975. Mtihani wa kitaifa ulipofanyika Agosti 1975, walioandikishwa kwenye kisomo walikuwa wamepita milioni 5, na wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Mwaka 1977 ikawa asilimia 27.

Hayo yote utayakuta vitabuni, na mtu utakayemkuta humo ni Nyerere. Ukanda wenu wa Ziwa utaukuta pia, kwa sababu mradi wa majaribio wa UNESCO uliendeshwa Mwanza kuanzia 1968 hadi 1972, na vitabu vya kujifunzia kusoma vikatungwa juu ya pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji ili mkulima asome kuhusu kazi anayoijua. Lakini watu milioni 5 hawafundishwi na hotuba. Kila darasa lilikuwa na mtu aliyetoka shambani, akanawa mikono, akashika chaki. Wengi wa watu hao walikuwa wamemaliza darasa la saba tu, wengine la nne, na walilipwa posho ndogo ambayo haikuwa mshahara. Hakuna kitabu chenye majina yao. Babu yako ni mmoja wao, na wewe ndiye mwenye daftari lake.

Huko kwenu jambo hili lina historia ndefu kuliko kisomo. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakulima wa pamba wa Usukuma waliochoka kupunjwa kwenye mizani waliwaweka vijana wanaojua kusoma wasimame pale pale kwenye vituo vya kununulia na kuhakiki uzito. Kutokana na harakati zile ndipo vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vilipopata nguvu, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama hivyo, lile la Victoria. Paul Bomani, kiongozi wao, anajulikana, na anastahili. Vijana wa mizani ni wachache sana wanaojulikana hata kwa jina. Nakueleza haya ili usidhani unaandika habari za ukoo tu. Unajaza pengo ambalo sisi tunaosoma nyaraka tunaliona kila siku na hatuna namna ya kulijaza tukiwa Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye "mtu wa watu".

Wanaokujibu hivyo hawakufichi kitu. Umewauliza swali la msibani, nao wamekupa jibu la msibani. Sote tunaujua ule wasifu unaosomwa kabla ya kuaga mwili: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaoa, akashika nafasi hizi na zile, ameugua, ameacha mjane, watoto saba na wajukuu ishirini na watatu, alikuwa mcheshi na mpenda watu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Kwa siku ya mazishi wasifu huo una kazi yake: unawakusanya wafiwa na kuwapa heshima. Hausemi, hata hivyo, mtu huyo alifanya nini siku ya Jumanne. Ukibadilisha jina, unaweza kuusoma kwenye msiba wa jirani na hakuna atakayeshtuka.

Kwa hiyo acha kuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Uliza kazi. Darasa lilikaa wapi, chini ya mwembe au kwenye jengo la chama? Ubao ulitoka wapi? Giza likiingia, karabai ilikuwa ya nani, na mafuta ya taa nani alinunua? Mvua ikinyesha mlikwenda wapi? Mzee anayekwama kwenye "alikuwaje" atazungumza nusu saa juu ya karabai, na humo ndani ya karabai babu yako atatokea mwenyewe: alivyokuwa akiipampu, alivyowakaripia vijana waliochungulia, alivyotembea na mwanafunzi wa mwisho mpaka kwake kwa sababu ya fisi. Sifa utaziona bila mtu kuzitaja.

Anza na daftari. Lifungue mezani, mchana, ukiwa na mtu aliyesoma darasa lile. Kama ni la mahudhurio, lina hazina kuliko unavyofikiri. Tazama alama za waliokuja na wasiokuja, halafu zilinganishe na msimu. Kwenu mvua zikianza mwezi wa kumi na moja watu wako shambani, na kuanzia mwezi wa tano wanachuma pamba. Ukiona darasa limepungua miezi hiyo na kujaa tena baadaye, umeshapata ukurasa mzima: mwalimu aliyekubali kuanza upya na wanafunzi wale wale kila mwaka. Tazama majina ya wanawake, maana katika madarasa mengi akina mama ndio waliokuwa wengi. Tazama pia kama kuna hatua zimeandikwa pembeni. Mtihani wa 1975 uliwapanga watu katika hatua 4, na aliyefika ya 3 ndiye aliyehesabiwa kuwa amefuta ujinga. Tarakimu ndogo ya 3 mbele ya jina la bibi wa mtu ilikuwa sherehe nyumbani kwake.

Redio usiitupe wala usiipeleke kwa fundi kwanza. Ipige picha, kisha ipeleke kwenye mazungumzo. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi kusikiliza, kusoma kijitabu na kujadili, na baada ya kujadili waliondoka na jembe. Walichimba vyoo, wakafyeka vichaka karibu na nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Viongozi wengi wa vikundi hivyo walikuwa watu wa kisomo. Uliza kama redio hii ndiyo iliyosikilizwa, nani alinunua betri, na choo cha kwanza kilichimbwa kwa nani. Mkimpata anayekumbuka, nendeni kwa miguu mpaka mahali penyewe, hata kama sasa ni shamba la mihogo. Mzee akiwa amesimama mahali pa tukio hukumbuka mambo ambayo kwenye kiti hayamjii kabisa.

Juu ya miaka, usiwabane wazee kwa tarakimu. Wengi hawakuhesabu hivyo, na ukiwabana watakutajia mwaka wowote ili wakuridhishe. Waulize ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analijua: kabla ya kuhamia kijijini kwenye operesheni, yaani Operesheni Vijiji, wakati wa njaa ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, vijana walipokwenda vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, mwaka wa kuwakamata wahujumu uchumi yaani 1983, alipofariki Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984, ilipozama MV Bukoba Mei 1996. Kwa vigezo hivyo utapanga maisha yote ya babu bila kubahatisha sana. Pale usipofikia mwaka, andika "kabla ya operesheni", inatosha na ni ya kweli. Mwaka wa kubuni ukishachapwa, wajukuu wenu watauapia.

Nani wa kuanza naye? Waliofundishwa, na uwaendee wiki hii. Mtu aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1972 sasa anakaribia 80. Nyaraka zitakusubiri mwezi mmoja zaidi, wao pengine hawatakusubiri. Akina bibi waendee nyumbani kwao, mmoja mmoja, wakati wanachambua mboga au wanapukuchua mahindi, na mwombe kwa adabu kijana wa nyumbani asiwajibie. Nimeona mara nyingi mno kikao cha wazee wanaume wanne barazani kikisimulia darasa lililokuwa na wanawake ishirini. Mambo ya wanaume nayo yachukue, lakini kila mmoja peke yake kwanza. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa huanza na wengine humuunga mkono.

Swali moja usiache kumuuliza kila mwanafunzi wake: mara ya kwanza ulitia sahihi badala ya dole gumba ilikuwa wapi, na mbele ya nani? Kwa watu wa pamba jibu mara nyingi liko kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijiji, siku ya malipo, mbele ya karani aliyezoea kumshika mkulima kidole na kukigandamiza kwenye wino. Mwombe akuandikie hapo hapo jina lake, kwa mwandiko ule ule aliofundishwa na babu, na ulipige picha. Ukurasa wenye sahihi kumi za wanafunzi wake utakuwa mzuri kuliko picha yoyote ya studio mtakayoweka kwenye jalada.

Kuhusu barua, hapo nenda taratibu. Mtu aliyewaandikia na kuwasomea watu barua alibeba siri za kijiji kizima: nani aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga akaacha kutuma fedha, nani aliyeomba radhi, mtoto wa nani ni wa nani. Mkikuta barua za watu ndani ya sanduku lake, si mali ya kijitabu. Rudisheni kwa wenyewe au kwa watoto wao, faragha. Mnachoweza kuandika ni kazi yenyewe. Alikaa wapi akiandika? Alidai chochote? Alisoma kwa sauti au alinong'ona? Habari mbaya aliitoaje? Watu wanakumbuka sana jinsi walivyosomewa barua ya msiba, na wengi watakusimulia bila kutaja ya ndani.

Ubalozi ndio sehemu utakayotamani kuiruka, na nakuomba usiiruke. Mabalozi wa nyumba kumi walianza enzi za TANU katikati ya miaka ya sitini, wakaendelea na CCM baada ya 1977. Balozi aliamua ugomvi wa mipaka, alishuhudia mikataba, alipokea wageni, alijua nani kalala njaa. Alikuwa pia mkono wa serikali. Kama babu alikuwa balozi tayari wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, basi yumkini alitakiwa kuwaambia jirani zake waache maboma ya baba zao na wahamie kijijini, wengine bila kupenda. Kuna mahali nyumba zilibomolewa na hata kuchomwa ili watu wasirudi. Uliza babu alisimama wapi siku hizo. Alihama wa kwanza? Alimtetea mtu? Alitii tu? Mtafute pia mtu aliyeshindwa kesi mbele yake na umsikilize bila kumkatiza. Kijitabu chenye mtu mmoja anayesema "mimi aliniamulia vibaya, ila alikuja kuniona nilipougua" kitaaminiwa na kijiji kizima. Kisicho na mtu wa namna hiyo kitasomwa na familia peke yake.

Mkikuta habari mbili zinazopingana, kwa mfano nani alitoa eneo la darasa, usizikoroge kuwa moja. Andika zote mbili, kila moja na jina la msimulizi wake. Ukoo ambao habari yake imeandikwa kwa haki hautakuja kugomba, hata kama hauamini ile nyingine.

Kurekodi si kazi ngumu, simu inatosha. Izime mtandao ili isiite katikati ya mazungumzo, iweke juu ya kitenge kilichokunjwa na si juu ya meza tupu, kaa mbali na kuku na kibao cha mbuzi. Mwanzoni sema wewe mwenyewe kwa sauti: tarehe, mahali, jina la msimulizi, na umuulize kama anakubali arekodiwe na habari zake zichapwe. Jibu lake libaki kwenye rekodi. Kama atazungumza Kisukuma, mwache azungumze Kisukuma, tafsiri baadaye. Usimrudishe kwenye Kiswahili kwa ajili ya urahisi wako, atafupisha. Ukifika nyumbani jioni hiyo hiyo badilisha jina la faili liwe la mtu na tarehe, na uhamishie nakala kwenye simu au kompyuta ya pili. Usitegemee WhatsApp kuwa ghala.

Picha mbili zile zitoe kwenye fremu taratibu uone nyuma. Studio nyingi ziligonga muhuri, na mara nyingi kuna mwandiko. Andika majina ya walio pichani kwa penseli laini pembeni ya karatasi nyingine, si juu ya picha, kisha waonyeshe wazee bila kuwaambia majina mliyonayo. Mkipata jina lile lile kwa watu wawili tofauti, lichukueni.

Nje ya kijiji kuna mahali pachache pa kugonga. Ofisi ya kijiji na ya kata zinaweza kuwa na mihutasari ya zamani kama mchwa hawajaimaliza. Kumbukumbu za chama cha msingi zilitawanyika serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976, na zilizopona huwa majumbani kwa makarani wa zamani, kwa hiyo waulize watoto wao. Parokia au msikiti wenu unaweza kukupa mwaka wa ndoa au ubatizo. Kanda ya Ziwa ilikuwa na gazeti lake la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Muulize kila mzee kama kabakisha nakala, maana magazeti hayo yalitunzwa chini ya magodoro kuliko maktabani.

Ukishakusanya, andika kwa kuanzia siku moja ya kazi na si kuzaliwa. Nikupe mfano wa tofauti ninayoisema. Rasimu nyingi ninazoletewa husema: "Marehemu alikuwa mchapakazi, aliyejitoa kwa hali na mali kwa ajili ya maendeleo ya jamii." Sasa chukua mambo ambayo tuseme umeyapata kwa wanafunzi wake: "Saa tisa alasiri aliacha jembe. Wanafunzi wake walijua amefika kwa kusikia bati la ubao likigongwa kwenye mti. Alianza na neno pamba, kila siku, hata kwa waliokwisha kulijua, kisha akapita nyuma ya kila mmoja akiangalia mkono na si daftari. Mama aliyekuja na mtoto mgongoni alipewa nafasi karibu na njia." Hakuna sifa hata moja humo. Msomaji hatakuuliza kama alikuwa mchapakazi.

Kuzaliwa, ndoa, watoto na vyeo vichache alivyopata viwekeni baadaye kidogo, kwa ufupi na kwa usahihi. Ugonjwa wa mwisho semeni sentensi moja tu kama mjane ameridhia. Namba za vitambulisho, mashamba na mirathi visiingie kabisa. Na jina la bibi yenu lisibaki kwenye orodha ya "ameacha mjane". Kila alasiri babu alipokuwa kwenye ubao, mtu mwingine alikuwa anamalizia palizi, anachota maji na kupika. Mkae naye siku nzima. Huenda nusu ya kijitabu ni yake.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya watu watano au sita waliokusimulia, kabla ya kwenda steshenari. Watakukatiza, watabishana, watakukumbusha majina. Hapo ndipo marekebisho bora hupatikana, na anayetaka habari yake iondolewe, iondoe bila kumlazimisha kutoa sababu. Kurasa 30 zinatosha. Toeni nakala za kutosha kwa familia, halafu nakala moja moja ipelekeni shule ya msingi ya kijiji, ofisi ya kijiji, maktaba ya mkoa Mwanza, na Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ipewe moja, kazi aliyoifanya babu ni ya kwao pia. Daftari lenyewe, lile la asili, lipigwe picha kila ukurasa kisha likae kwenye bahasha ya karatasi ndani ya sanduku la bati, si kwenye mfuko wa plastiki unaotunza unyevu.

Ukishafanya mazungumzo mawili ya kwanza, niandikie uniambie umepata nini, na kama unaweza, nitumie picha za kurasa mbili tatu za daftari. Nikiona namna lilivyopangwa nitakusaidia kutambua ni la mwaka gani na la hatua ipi.